Mashine ya Kufulia Isipopasha Maji: Kagua Hivi Kabla ya Kutoa Pesa



Kuna hitilafu moja ya nyumbani inayoweza kukaa miezi bila familia kuijua. Mashine ya kufulia inawaka, inajaza maji, inazunguka, inakamua na inamaliza kazi. Ukiitazama, ni nzima. Lakini nguo zinatoka na unga wa sabuni umegandia kwenye mikunjo, kola za mashati ya shule bado zina weusi, na taulo zinanuka uvundo hata kabla hazijakauka. Mama anaongeza sabuni, kesho yake anaongeza tena. Sabuni haina kosa. Maji ndiyo hayapati moto.

Makala hii ni kwa familia zinazoishi Uingereza. Mambo yote tuliyoyaandika hapa unaweza kuyakagua mwenyewe bila kufungua skrubu hata moja. Kazi ya ndani ya mashine tumemwachia fundi, na sababu tutaieleza.

Maji ya moto yanatoka wapi?

Wengi hudhani kwamba mashine inachukua maji ya moto kutoka kwenye boila, ile inayopasha maji ya kuogea na kutia nyumba joto. Zamani mashine nyingi za hapa zilikuwa na mipira miwili, mmoja wa maji baridi na mwingine wa maji ya moto. Siku hizi karibu zote zinazouzwa zina mpira mmoja tu, wa maji baridi. Mashine hujaza maji baridi, kisha huyapasha yenyewe.

Kwa hiyo maji ya bafuni yakiwa ya moto, huo si ushahidi kwamba mashine ya kufulia inapasha. Na mashine ikiwa haipashi, usimwite fundi wa boila au wa gesi. Utalipa pesa ya safari yake, naye atakuambia kazi hiyo si yake.

Ndani ya mashine, chini ya dramu, yaani lile pipa la chuma linalozunguka na nguo, kuna koili ya umeme. Ni ndugu wa ile iliyomo ndani ya birika la umeme unalochemshia chai. Nguvu yake mara nyingi ni kama kilowati 2. Koili ya namna hiyo hupasha lita 10 za maji kutoka nyuzi 10 hadi nyuzi 40 kwa dakika 10 hivi. Kufika nyuzi 60 huchukua kama dakika 17. Nyumbani muda unazidi kidogo, kwa sababu nguo na chuma navyo vinachukua sehemu ya joto hilo. Kumbuka hesabu hii, maana vipimo tunavyovieleza sasa vinaitegemea.

Kwanza hakikisha kama kweli haipashi

Si kila mashine inayofua kwa maji ya baridi ni mbovu. Mara nyingi imeamriwa hivyo na aliyebonyeza.

Tazama namba kwenye kitufe cha kuzungusha au kwenye skrini. Namba 20, 30, 40, 60 na 90 ni nyuzi za joto. Namba 20 ni karibu sawa na maji baridi, na 30 ni uvuguvugu tu. Programu fupi za dakika 15 hadi 30 nyingi hazipashi maji kwa kiasi cha kuhisika, kwa sababu muda hautoshi. Pia angalia kama kuna kitufe cha pembeni cha kubadilisha joto. Unaweza kuchagua programu nzuri, kumbe mtoto aliyechezea vitufe alishashusha joto hadi 20.

Ipo programu nyingine inayowachanganya watu, iliyoandikwa Eco 40-60. Hii inafua nguo za pamba za nyuzi 40 na za nyuzi 60 pamoja, kwa umeme kidogo. Inafanya hivyo kwa kutumia muda mrefu, mara nyingi saa 3 au zaidi, na maji yake huenda yasifike hata nyuzi 40. Ukigusa mlango katika programu hiyo usipohisi joto kubwa, mashine haina kosa.

Basi pima hivi. Chagua programu ya pamba, iliyoandikwa Cotton, kwa nyuzi 60. Weka nguo chache za pamba zinazostahimili joto hilo. Washa, kisha tumia kipimo kimoja kati ya hivi viwili, au vyote.

Kipimo cha kwanza ni kioo cha mlango. Subiri dakika 30 hadi 40, halafu kiguse kwa nyuma ya vidole kwa uangalifu. Kama maji yanapashwa, kioo kitakuwa na joto la wazi kabisa. Kikiwa baridi kama ukuta, mashine haipashi. Watoto wakae mbali wakati huo, maana kioo cha mashine nzima kinaweza kuwa cha moto sana.

Kipimo cha pili ni mita ya umeme. Nyumba nyingi sasa zina mita ya kisasa iliyokuja na kidude chenye skrini kinachoonyesha umeme unaotumika wakati huohuo. Zima birika, oveni, pasi na hita nyingine. Tazama skrini kabla ya kuwasha mashine, labda itasoma kilowati 0.2 au 0.3. Baada ya mashine kujaza maji na kuanza kuzunguka, endelea kutazama kwa robo saa. Koili inapoanza kazi, namba hupanda ghafla na kukaribia 2 au kupita hapo, na hukaa juu kwa dakika kadhaa. Ikiwa namba haipandi hivyo hata mara moja, basi motor peke yake ndiyo inayofanya kazi na koili imelala. Kipimo hiki ni kizuri kuliko cha kioo, kwa sababu hakitegemei mkono wa mtu. Piga picha ya skrini kwa simu, itakusaidia baadaye kumwonyesha mwenye nyumba au fundi.

Mambo ya kukagua bila kufungua mashine

Kama vipimo vimeonyesha kwamba haipashi, kagua mambo haya kwa mpangilio.

1. *Izime na uichomoe kwenye umeme kwa dakika 10, kisha uirudishe.* Mashine za leo zinaongozwa na bodi ya elektroniki, na wakati mwingine bodi hiyo hukwama kama simu inavyokwama. Baada ya hapo rudia kipimo.

2. *Angalia kama maji yanaingia ya kutosha.* Mashine ina kihisi kinachopima kina cha maji. Kisipoona maji ya kutosha, hakiruhusu koili kuwaka, kwa sababu koili ikiwaka bila maji itaungua. Hakikisha bomba la nyuma limefunguliwa lote na mpira haukukunjwa wala kubanwa na mashine.

3. *Angalia mpira wa kutolea maji machafu.* Mpira huu lazima upande juu kwanza kabla ya kuingia kwenye bomba la taka. Ukiwa umeanguka au umelala sakafuni, maji yanavujia nje huku mashine ikijaza. Mashine itajaza na kujaza bila kupasha. Ukisikia maji yanaingia kila wakati na huku yanachuruzika kwenye bomba la taka, hapo ndipo penye kosa. Hitilafu hii hutokea sana baada ya kuhama nyumba, na kuirekebisha hakuhitaji pesa.

4. *Safisha chujio.* Mashine nyingi zina kifuniko kidogo mbele, chini upande mmoja. Zima mashine, ichomoe, subiri maji yapoe, weka trei na taulo, kisha fungua taratibu. Utakuta sarafu, vifungo na soksi za mtoto.

5. *Soma alama kwenye skrini.* Mashine ikijua kwamba joto halipandi, inaweza kusimama na kuonyesha herufi na namba. Usiifute. Ipige picha, halafu tafuta maana yake kwenye kitabu cha mashine, maana kila kampuni ina alama zake.

Watu wengine hukimbilia fyuzi iliyo ndani ya plagi. Ndugu, fyuzi hiyo inabeba umeme wa mashine nzima. Ikiungua, hakuna taa itakayowaka wala dramu kuzunguka. Kama mashine inazunguka lakini haipashi, fyuzi ya plagi ni nzima, iache.

Ndani kuna nini kilichoharibika?

Ukiwa umekagua hayo yote na bado, sababu iko ndani. Ni vizuri kuzijua ili ufuatilie maneno ya fundi.

Sababu ya kwanza ni koili yenyewe kukatika. Maji ya sehemu nyingi za kusini na mashariki ya England, London ikiwemo, yana chokaa nyingi. Ni ule ukoko mweupe unaouona chini ya birika. Chokaa hiyo huganda juu ya koili, joto linashindwa kutoka vizuri kwenda kwenye maji, koili inajipika yenyewe mpaka inakatika. Wanaoishi Glasgow au Manchester wana maji laini na tatizo hili huwapata kwa nadra.

Ya pili ni kihisi joto, kijipande kidogo kinachoiambia bodi maji yamefika nyuzi ngapi. Kikiharibika, kinaweza kudanganya kwamba maji tayari ni ya moto, na bodi ikaacha kupasha.

Ya tatu ni nyaya au vichwa vyake kulegea au kuungua, kwa sababu mashine inatikisika na koili inavuta umeme mwingi.

Ya nne ni bodi ya elektroniki. Hii kwa kawaida ndiyo ghali kuliko zote.

Fundi mkweli hatakisia. Atachomoa mashine, atapima koili kwa mita yake. Koili nzima ya kilowati 2 kwa umeme wa hapa wa volti 230 husoma kama omu 26. Iliyokatika haisomi kitu. Kwa hiyo muulize: "Umepima koili? Imesoma ngapi?" Anayesema "ni bodi" kabla ya kupima chochote, mwombe apime kwanza.

Usalama hauna mjadala

Kuna dalili ambazo zikitokea hutakiwi kuendelea kupima wala kufua. Zima soketi ukutani, chomoa plagi, na uache mashine hivyo hivyo mpaka ikaguliwe.

Dalili ya kwanza: umeme wa nyumba au wa jikoni unakatika dakika chache baada ya mashine kujaza maji. Swichi ya usalama kwenye boksi la umeme inajiangusha kwa sababu, na mara nyingi ni koili iliyopasuka inayovujisha umeme kwenye maji na chuma cha mashine. Kuirudisha swichi juu kila mara na kuendelea kufua ni kucheza na roho za watoto. Swichi hiyo inakulinda.

Dalili nyingine ni harufu ya plastiki inayoungua, plagi au soketi yenye joto kali au weusi, na mshtuko mdogo unapogusa mashine.

Plagi ya mashine iingie moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani. Usiichomeke kwenye kebo ya kuongezea soketi pamoja na friji na maikrowevu. Wala usifunge fyuzi kwa waya au karatasi ya alumini. Nyumba zimeungua kwa mambo hayo.

Kama mashine yako ni ya mtumba au uliikuta ndani ya nyumba, fanya jambo moja zaidi. Disemba 2019 kampuni ya Whirlpool ilitangaza kuzirudisha mashine zaidi ya 500,000 za Hotpoint na Indesit za miaka ya 2014 hadi 2018. Kosa lilikuwa hili: koili ilipowaka, sehemu ya kifungo cha mlango iliweza kupata joto kupita kiasi na kuleta moto. Wenye nazo waliambiwa wazichomoe, au wafue kwa nyuzi 20 au chini tu mpaka zirekebishwe. Mashine za namna hiyo huenda bado zinapita mkono kwa mkono. Namba ya modeli imeandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa ukingoni mwa mlango. Tovuti ya serikali, GOV.UK, ina orodha ya bidhaa zilizorudishwa kwa sababu za usalama. Usipoweza kuisoma, mletee mfanyakazi wetu picha ya karatasi hiyo.

Nani analipa?

Hapa ndipo familia nyingi hupoteza pesa zisizo za lazima.

*Mashine ilikuwemo ndani ya nyumba ya kupanga.* Tazama mkataba na orodha ya vifaa mliyosaini siku ya kuingia. Kama mashine imeandikwa humo kuwa ni ya mwenye nyumba, kwa kawaida ukarabati ni juu yake, isipokuwa mkataba useme vinginevyo au wewe ndiye uliyeiharibu. Mwambie mapema na kwa maandishi, ujumbe wa simu au barua pepe. Andika tarehe uliyoona tatizo, ulichokagua, na uambatanishe picha. Wengine hunyamaza wakiogopa kuonekana wasumbufu au kukatwa amana. Kunyamaza ndiko kunakoleta hasara, kwa sababu baadaye huna pa kuonyesha kwamba ulitoa taarifa. Na jambo moja kubwa: usizuie kodi ili kumlazimisha atengeneze. Deni la kodi linaweza kukutoa kwenye nyumba, hata kama kwenye suala la mashine haki ilikuwa yako.

*Uliinunua dukani.* Sheria ya Haki za Mlaji ya mwaka 2015 inakulinda, hata kama garantii ya kampuni imekwisha. Hitilafu ikijitokeza ndani ya siku 30, unaweza kuirudisha na kupewa pesa zako zote. Baada ya hapo hadi miezi 6, duka linatakiwa kulitengeneza tatizo au kukubadilishia, na wao ndio wenye kazi ya kuonyesha kwamba mashine ilikuwa nzima ulipoinunua. Baada ya miezi 6 bado unaweza kudai, lakini ushahidi utautoa wewe. Madai yapeleke dukani ulikonunua, wasikutupe kwa kiwanda. Sheria hii inagusa pia maduka yanayouza vitu vya mtumba. Tunza risiti.

*Uliinunua kwa mtu binafsi.* Kinga ni ndogo. Ndiyo maana kabla ya kutoa pesa, omba aiwashe kwa nyuzi 60 na usubiri uguse kioo. Muuzaji mkweli hatakukatalia.

*Unamwita fundi mwenyewe.* Uliza kabla hajaja: kuja na kukagua ni pesa ngapi? Pesa hiyo inahesabiwa ndani ya ukarabati? Vipuri ni kiasi gani, na kazi yake ina dhamana ya muda gani? Mwombe akuandikie. Kubadilisha koili au kihisi kwenye mashine ambayo si kuukuu mara nyingi kunalipa. Bodi ya mashine iliyochoka, linganisha kwanza na bei ya mashine nyingine.

Mkikwama, Citizens Advice hutoa ushauri wa bure kuhusu upangaji na ununuzi.

Wakati mnasubiri fundi

Kama hakuna dalili yoyote ya hatari tuliyoitaja, nguo za kawaida zinaweza kufuliwa kwa maji baridi. Tumia sabuni ya maji, maana ya unga haiyeyuki vizuri, na usijaze dramu kupita kiasi. Madoa yasugue kwa mkono kwanza.

Lakini kuna nguo ambazo joto ni dawa yake. Akitapika au kuharisha mtu nyumbani, shuka, taulo na chupi zake zifuliwe peke yake kwa nyuzi 60. Daktari akisema familia ina upele wa kuambukiza ule unaosababishwa na vijidudu vya ngozi, matandiko na nguo hufuliwa kwa nyuzi 60 au zaidi siku ya kwanza ya dawa. Kisichoweza kufuliwa hivyo kifungwe ndani ya mfuko usiopitisha hewa kwa siku 3 au zaidi. Watu wamerudia dawa ya upele mara mbili na tatu, wakilaumu dawa, kumbe mashine ilikuwa inafua kwa maji baridi. Kwa nguo za namna hii, nendeni kwenye duka la mashine za kulipia au kwa jirani, hata kama ni gharama.

Msimimine maji yanayochemka ndani ya mashine, wala kubeba sufuria za maji ya moto kupita walipo watoto.

Ili isirudie

Mara moja kwa mwezi, endesha mashine tupu kwa nyuzi 60 au zaidi. Penye maji ya chokaa, tumia dawa ya kuondoa chokaa kama pakiti inavyoelekeza. Kipimo cha sabuni kifuateni kwenye pakiti, ambayo huonyesha kiasi cha maji laini na cha maji magumu. Mkimaliza kufua, mlango uacheni wazi kidogo upumue, mradi hakuna mtoto mdogo anayeweza kuingia ndani.

Kuuliza si ujinga. Mwenye picha ya skrini asiyoielewa, barua ya mwenye nyumba au bei ya fundi inayomtia shaka, ailete ofisini kwetu kabla hajalipa. Tutaisoma pamoja.